Kitambaa Huchuja, Hakileti Hewa

Meli ya saruji ikitia nanga bandarini Bujumbura kutoka Mpulungu au Kigoma, wachukuzi hujiandaa kabla ya kuitwa. Mmoja huvua fulana, huikunja mara mbili na kuifunga puani, mikono ya fulana ikikutana kisogoni. Mwingine ana kipande cha kitenge. Wa tatu hana kitu. Hubana pumzi anapouinamia mfuko wa kilo 50, kisha huiachia akishapiga hatua tatu nne. Mfuko mmoja ukipasuka, wote hupata rangi moja ya majivu, kuanzia kope hadi vidole vya miguu, na kinachobaki chekundu ni macho.

Fulana ile ina umri wa miaka elfu mbili. Pliny, Mroma aliyeandika juu ya karibu kila kitu kilichokuwa duniani zama zake, anawataja wafanyakazi waliosaga madini mekundu ya rangi, wenye kufunika nyuso kwa vibofu vya wanyama ili wasivute vumbi lenye sumu na bado waweze kuona mbele. Ni barakoa ya kazini ya kale kuliko zote tunazozipata katika maandishi. Mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, Pliny huyohuyo alivuka kwa merikebu kwenda kuokoa watu, akaanguka ufukweni na hakuinuka. Mpwa wake, aliyetusimulia tukio hilo, aliona kwamba hewa nzito ya mlima ndiyo iliyomziba pumzi. Mzee wa watu alijua habari za barakoa, lakini kilichomuua hakikuwa vumbi la kuchujwa. Hewa yenyewe ilikuwa imeharibika.

Tofauti hiyo, ya kuchuja na kuleta, ndiyo historia nzima ya vifaa vya kupumulia. Hapa Bujumbura bado tunaichanganya.

Baada ya Pliny tunaweza kuruka karne kumi na tano bila kukosa mengi, hadi kwa Georgius Agricola, daktari katika mji wa wachimba fedha wa Joachimsthal, ambao leo uko Jamhuri ya Cheki. Kitabu chake cha migodi kilichapwa mwaka 1556, baada ya yeye kufariki. Anawashauri wachimbaji wavae shela usoni, lakini kurasa nyingi zaidi amezipa mitambo ya kusukuma upepo shimoni: mivukuto mikubwa kuliko ya mhunzi yeyote, na mapanga ya kupepea yanayozungushwa kwa mkono, kwa farasi au kwa maji. Anaeleza pia kwamba katika migodi ya milima ya Karpathi wapo wanawake walioolewa na waume saba, mmoja baada ya mwingine, wote wakimalizwa na vumbi.

Joachimsthal una undugu na sisi. Madini meusi ya mji huo ndiyo waliyoyachemsha Marie na Pierre Curie hadi wakaigundua radiamu mwaka 1898. Kisha kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ikaanza kuchimba Shinkolobwe, Kongo, mwaka 1921, na kwa utajiri wa mawe yale biashara ya radiamu duniani ikahamia mikononi mwa Wabelgiji. Ni kampuni hiyohiyo iliyokuja kuajiri vijana wa Ruanda-Urundi katika miaka ya 1920 na kuwapeleka Katanga, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi. Urani ya Shinkolobwe ikaishia katika bomu la Hiroshima. Mawe ya aina ile hutoa radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu, na kitambaa mbele ya radoni ni wavu mbele ya maji. Kinachosaidia ni upepo mwingi shimoni, yaani ile mivukuto ya Agricola.

Lakini hatuhitaji urani ili tuone hewa inavyoua. Kaskazini mwa ziwa Kivu, kati ya Goma na Sake, yako mabonde madogo ambayo wenyeji wanayaogopa alfajiri. Hewa ukaa hupanda kutoka ardhi ya volkano, na kwa kuwa ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, hutuama bondeni kama maji yasiyoonekana. Usiku usio na upepo kina chake huongezeka. Asubuhi hukutwa mbuzi amelala, mbwa amelala, na kuna siku hukutwa mtu. Wenyeji wanaiita mazuku, na wanasayansi wa volkano wamelichukua neno hilo jinsi lilivyo, likachapwa katika majarida yao bila kutafsiriwa. Mtu mzima aliyesimama katika mazuku huenda kichwa chake kiko juu ya gesi, asijue kuna hatari. Mtoto aliyeshikwa mkono naye ameshazama.

Ndivyo ilivyo pia kisimani, katika shimo la choo linalofukuliwa, na katika mashimo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo. Wa kwanza anashuka, ananyamaza. Ndugu yake anajifunga kitambaa chenye maji na kumfuata, naye ananyamaza. Kinachowaua si woga wala pepo la shimo. Hewa ya kawaida ina asilimia 21 ya oksijeni. Ikishuka chini ya 10, mtu huzirai kabla hajapata nafasi ya kugeuka. Wazee walikuwa na kipimo chao: teremsha taa kwanza, ikizimika usishuke. Kipimo kizuri, ingawa moto huweza kuendelea kuwaka mahali ambapo kaboni monoksidi inatosha kuua. Kwa ajili ya gesi hiyo, mwanasayansi John Scott Haldane alipendekeza katika miaka ya 1890 wachimba makaa wa Uingereza washuke na ndege wadogo, ambao huanguka mapema kuliko binadamu. Ndege hao waliendelea kuajiriwa migodini huko hadi mwaka 1986.

Sasa tuje kwenye makaa. Jirani wa ng'ambo, Uvira, anayaita makala, na kwa Kirundi ni amakara, kwa hiyo nisamehewe kuandika makala juu ya makala. Mwaka 1854 mkemia Mskoti John Stenhouse alijaza unga wa makaa katika barakoa na kuona kwamba unanasa gesi na harufu ambazo kitambaa huziachia. Mwaka 1871 John Tyndall akawatengenezea wazimamoto wa London kipumulio chenye pamba iliyolowa gliserini kwa ajili ya moshi na makaa kwa ajili ya mvuke. Ila makaa hayainasi kaboni monoksidi. Hayohayo yanayosafisha hewa ndani ya kichujio ndiyo yanayolaza familia moja kwa moja imbabura, jiko la makaa, ikiachwa na moto ndani ya chumba kilichofungwa.

Vita ndivyo vilivyokiingiza kichujio cha makaa viwandani kwa mamilioni. Tarehe 22 Aprili 1915 Wajerumani walifungua mitungi ya klorini karibu na Ieper, Ubelgiji. Askari walianza kwa kujiziba na vitambaa vilivyolowa, na kabla vita havijaisha kila jeshi lilikuwa na kopo lake la makaa. Juni 1916, askari wa Ubelgiji huohuo waliingia Usumbura, yaani Bujumbura yetu hii, na kuwaondoa Wajerumani. Huku kwetu gesi haikufika. Wala kopo la makaa.

Upande wa pili wa historia, wa kuleta hewa, ulianza na watu wachache wakaidi. Theodor Schwann, mwalimu wa chuo kikuu cha Liège, alisanifu mwaka 1853 kifaa cha kumwezesha mtu kuingia mgodini akiwa amejibebea oksijeni yake. Mwingereza Henry Fleuss akafanikiwa zaidi: kifaa chake kiliyapokea mapumzi, kikayapitisha kwenye kemikali inayofyonza hewa ukaa, kikayarudisha pamoja na oksijeni kutoka chupa. Mwaka 1880 mzamiaji Alexander Lambert alikivaa katika handaki la Severn lililofurika, akatembea gizani chini ya maji hadi akaufunga mlango wa chuma uliokuwa ukiingiza mafuriko.

Kisha Courrières. Tarehe 10 Machi 1906 mlipuko katika mgodi huo wa makaa wa kaskazini mwa Ufaransa uliua watu 1,099. Kutoka Ujerumani, nchi iliyokuwa haipatani na Ufaransa, wakaja waokoaji wenye vifaa vya oksijeni, na jina la kiwanda cha Dräger cha Lübeck likaenea kiasi kwamba Amerika ya Kaskazini waokoaji wa migodini waliitwa kwa jina hilo. Hata hivyo, siku ishirini baada ya mlipuko wachimbaji 13 walitoka wenyewe, wakiwa wamepapasa gizani na kula walichokikuta. Hakuna kifaa kilichowafikia.

Miongoni mwa hao wote nampenda zaidi Garrett Morgan, Mmarekani mweusi, mtoto wa watu waliowahi kuwa watumwa. Kofia yake ya moshi, iliyopata hataza mwaka 1914, ilikuwa rahisi: mfuko wa kufunika kichwa chote, na mrija mrefu ulioning'inia hadi karibu na sakafu, wenye sponji iliyoloweshwa mwishoni. Moshi wa moto hupanda. Hewa inayofaa hubaki chini. Ni kinyume cha mazuku. Kwenye moto inama, kwenye mazuku simama. Alipokwenda kuiuza majimbo ya kusini alimkodi mzungu ajifanye ndiye mvumbuzi, na yeye mwenyewe akajipa jina la Mhindi Mwekundu. Julai 1916 gesi ililipuka katika handaki la maji chini ya ziwa Erie, mjini Cleveland, na waokoaji wa kwanza hawakurudi. Morgan na ndugu yake Frank walivaa kofia zao wakashuka, wakatoka na watu wawili wakiwa hai pamoja na maiti kadhaa. Nishani zilikwenda kwa wengine. Wanunuzi wengine, walipojua rangi yake, walifuta oda zao.

Na Bujumbura? Mtungi wa hewa ulifika, ila uliingia ziwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard alihamia hapa na kuanza kusafirisha samaki wa mapambo wa Tanganyika, ambao wengi hawapatikani popote pengine duniani. Mmoja amepewa jina lake, Neolamprologus brichardi. Samaki hao hukaa mawemawe, nyavu za kawaida haziwafai, hivyo lazima mtu azame akiwa na hewa na kuwakusanya kwa mkono. Kazi hiyo huwafundisha wazamiaji somo la kibofu: samaki wa kina kirefu akipandishwa haraka kibofu chake cha hewa huvimba na kumuua, kwa hiyo hupandishwa hatua kwa hatua, na anayempandisha naye analazimika kufuata utaratibu huo kwa ajili ya damu yake mwenyewe. Hivyo kwa zaidi ya nusu karne mji huu umekuwa na watu wanaojua kwamba mtungi lazima ujazwe kwa kompresa safi, ukaguliwe, na usiaminiwe ukikaribia kwisha. Ujuzi huo wote umetumika kuwapatia watu wa Ulaya na Marekani samaki wa kutazama sebuleni.

Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013 soko kuu liliwaka moto. Magari ya zimamoto hayakutosha na Rwanda ikatuma helikopta. Kila ninayemsikia akisimulia siku ile husimulia maji: maji yalikuwa wapi, yalichelewaje, nani aliyaleta. Mimi hufikiria hewa. Moshi wa mitumba, viatu vya plastiki na magodoro ya sponji hubeba kaboni monoksidi na sianidi, na anayeingia humo lazima ajibebee pumzi zake mgongoni. Mtungi wa kawaida wa wazimamoto, lita 6.8 zilizoshindiliwa kwa bari 300, humpa mtu anayefanya kazi ngumu kama nusu saa. Baada ya hapo unahitaji mtungi wa pili, kompresa ya kuujaza, na umeme au mafuta ya kuiendesha. Gari jekundu huzinduliwa kwa hotuba na picha. Kompresa hakuna anayeipiga picha.

Wafanyabiashara walitawanyika, wengine wakaenda soko la Cotebu, lenye jina la kiwanda cha nguo kilichokuwa jirani. Vumbi la pamba lina tabia yake: popote duniani, wafanyakazi wa viwanda vya nyuzi hubanwa kifua zaidi Jumatatu, baada ya mapumziko, na kwa hilo barakoa nzuri ya kichujio inatosha. Si kila kazi inahitaji mtungi. Sheria ya kazi ya Burundi, iliyorekebishwa tarehe 24 Novemba 2020, inamtwika mwajiri usalama na afya ya anayemwajiri. Mchukuzi anayelipwa kwa mfuko hana hata wa kumwita mwajiri.

Corona, iliyotangazwa hapa tarehe 31 Machi 2020, ilituachia barakoa za bluu za hospitali, na nyingi zimehamia magereji ya mtaa wa Buyenzi. Zilibuniwa ili anayezivaa asiwapulizie wengine mate. Fundi wa rangi huvaa moja mbele ya mlango wa gari, hufungua kompresa na kuanza kupuliza. Rangi ya gari ni matone na mvuke kwa pamoja. Matone yangehitaji kichujio kizito, mvuke ungehitaji makaa, na rangi zile ngumu za kisasa zingehitaji mrija wa hewa safi kutoka nje. Kompresa iko pale pale miguuni pake, lakini hewa yake ina mafuta, haifai kuvutwa. Anapomaliza anaivua barakoa na kuigeuza. Ndani, pale mdomo ulipokuwa, imekuwa nyekundu kama mlango. Anaikung'uta, anaitundika msumarini kwa ajili ya kesho.