Bwawa la Viwanda na Kitoweo cha Ruashi

Historia ya samaki wanaouzwa Ruashi, komuni ya Lubumbashi iliyokua kando ya mgodi wa shaba na kobalti wenye jina hilo hilo, haitenganiki na historia ya migodi. Reli ilipofika Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa zamani, mwaka 1910, na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ikaanza kuyeyusha shaba mwaka uliofuata, wafanyakazi wengi walihitaji kitoweo, nacho kikaja kuletwa kwa malori na wafanyabiashara Wagiriki wa mji wa Kasenga kutoka mto Luapula na ziwa Mweru, hasa samaki aitwaye mpumbu, ambaye alivuliwa mno hata akaadimika kufikia miaka ya 1950.

Samaki wa mto Lufira wana asili nyingine. Bwawa la Mwadingusha, lililokamilika mwaka 1930 ili kuvipa viwanda umeme, lilifunika uwanda wa mto huo kwa maji na kulizaa ziwa Tshangalele, ambalo likawa uwanja mkubwa wa uvuvi; lakini ziwa hilo hupokea pia maji ya mto Panda, yanayobeba majitaka ya viwanda vya Shituru, Likasi. Sekta iliyouzaa uvuvi ndiyo iliyouchafua.

Metali nzito, yaani madini kama kobalti, shaba, kadimi na risasi, ambayo hayaozi, hutuama topeni, huingia katika viumbe wadogo wa majini na hatimaye katika samaki. Zebaki, iliyowadhuru walaji wa samaki wa Minamata, Japani, hushika katika mnofu wenyewe, ilhali metali hizi kwa kawaida hurundikana zaidi katika maini, figo, matamvua na matumbo. Hivyo samaki mkubwa aliyepasuliwa na kusafishwa hupungukiwa na mzigo huo, lakini vidagaa vikavu vinavyoliwa pamoja na bukari, yaani ugali, huingia chunguni vizima, pamoja na vichwa na matumbo.

Utafiti wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, uliochapishwa mwaka 2009, ulipima mkojo wa watu 351 wa Katanga na kukuta kobalti kwa viwango visivyowahi kuripotiwa miongoni mwa watu wa kawaida, hasa kwa waishio chini ya kilomita 3 kutoka migodini au viwandani. Lawama zote haziwezi kuwaangukia samaki, kwani vumbi la majumbani na mboga za mabondeni navyo vina sehemu yake. Hata hivyo, samaki wa Luapula na wa Lufira wakishabanikwa kwa moshi hawatofautishiki kwa macho wala kwa harufu, na mnunuzi hubaki akitegemea neno la muuzaji.