Riwaya za Gurnah na Wapagazi Wasio na Majina

Tangu tarehe 7 Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah alipotangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, Watanzania tumebishana sana juu ya swali moja: je, ni wetu? Alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka akiwa kijana baada ya Mapinduzi, akaishi na kuandika Uingereza. Mjadala huo umetuchelewesha kuvifikia vitabu vyenyewe. Mimi niliirudia *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, nikiwa Msanzi, wilayani Kalambo. Huko swali langu lilibadilika.

Riwaya hiyo, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 kwa jina la *Paradise*, inamfuata Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa mfanyabiashara Aziz kwa sababu ya deni la babaye. Yusuf anasafiri na msafara hadi bara ya mbali, na mwishoni Wajerumani wanakusanya askari. Bara yote inaonekana kwa macho ya watu wa msafara, ambao wengi wao huwaita wenyeji washenzi. Gurnah haukubali mtazamo huo, anauanika. Hata hivyo, msomaji wa Ufipa hana budi kutambua kwamba katika hadithi hii yeye yuko upande wa wanaotazamwa. Watu waliojenga matanuru marefu ya kuyeyushia chuma na kuwa na falme zao za Nkansi na Lyangalile walikuwa na maoni yao kuhusu wageni hao. Maoni hayo bado hayajapata mwandishi wa riwaya.

Katika *Afterlives*, ya mwaka 2020, Gurnah anaingia ndani ya vita. Hamza anajiunga na jeshi la Wajerumani kwa hiari yake na kurudi na jeraha. Ilyas anapotea, na dada yake Afiya anaishi miaka mingi bila kujua yaliyompata. Majenerali waliandika kumbukumbu zao. Gurnah anauliza habari za nyumba zilizobaki zikingoja.

Swali hilo linatuhusu moja kwa moja. Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, iliitwa Bismarckburg, na Waingereza waliiteka Juni 1916. Tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya, Lettow-Vorbeck alisalimisha jeshi lake Abercorn, yaani Mbala ya leo, ng'ambo tu ya mpaka wetu na Zambia. Kutoka huko, jeshi lililonyang'anywa silaha lilishushwa hadi Kasanga ili lisafirishwe kwa meli kwenda Kigoma. Vita vya Afrika Mashariki vilikwisha mlangoni petu.

Nani alibeba mizigo ya vita hivyo? Majeshi ya pande zote mbili yaliwategemea wapagazi na chakula cha wanavijiji. Jina la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927 katika jiji hilohilo inawakumbuka askari na wapagazi kwa jumla, bila kumtaja mtu hata mmoja kwa jina.

Wapo watakaosema kuwa riwaya si ushahidi. Ni kweli, mwanahistoria hawezi kumwita Hamza kizimbani. Lakini riwaya inaweza kumfundisha mwanahistoria nani amwulize, na amwulize nini: nani aliondoka, nani alimngoja, shamba lililimwa na nani.

Waliokuwa hai mwaka 1918 hawapo tena. Waliobaki ni wajukuu waliosimuliwa, nao wenyewe ni wazee. Mwanafunzi atokaye Msanzi, Matai au Kasanga, ukienda likizo, kaa na babu na bibi, uandike majina na njia walizopita, kwa Kifipa kwanza ikiwa ndiyo lugha yao. Nanyi maafisa utamaduni wa halmashauri, ombeni nakala ya madaftari hayo na kuyahifadhi mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuyasoma. Siku moja atatokea mwandishi wa Ufipa atakayeyahitaji.