Thange, uchafuzi wa maji ya ardhini

Uchafuzi uliotokana na petroli iliyovuja kutoka bomba la Mombasa–Nairobi, mali ya Kampuni ya Bomba la Mafuta Kenya, katika bonde la mto Thange, Kibwezi, kaunti ya Makueni. Ulibainika mwaka 2015. Bomba hilo, lililoanza kazi mwaka 1978, lilipita pia mji wa Sultan Hamud.

Eneo hili limekaa juu ya miamba ya kale ya Ukanda wa Msumbiji, hasa naisi, na wengine hudhani kwamba mwamba mgumu huzuia mafuta yasizame. Jiwe lenyewe kweli halipitishi maji, lakini maji ya huku hayakai ndani ya jiwe: hukaa katika tabaka lililochakaa juu yake, katika nyufa, na katika mchanga wa mito ya msimu, pale pale watu wanapofukua kisima na kuteka kwa kata. Mwamba basi hauyazuii mafuta, huyaelekeza kisimani. Husemwa pia kwamba petroli huelea na kugeuka mvuke, hivyo muda utasafisha. Sehemu yake hupotea hivyo, lakini benzeni, inayosababisha saratani ya damu, huyeyuka majini. Kikomo chake katika maji ya kunywa, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ni mikrogramu 10 kwa lita. Mafuta yaliyonaswa kati ya chembe za mchanga huendelea kuachia sumu kila maji yanapopanda. Kuondoa mafuta yanayoonekana hakutoshi. Visima havina budi kupimwa miaka mingi, hata jirani na vituo vya mafuta vya Sultan Hamud, ambavyo navyo vinaweza kuvuja na viko juu ya miamba ya ukanda huo huo.