Pembe, Dhahabu na Deni la Maniema

Kijana wa Salamabila, mji wa machimbo katika mkoa wa Maniema, mashariki mwa Kongo (DRC), anayechagua chuo cha kusomea uzamili wa uhandisi wa fedha aulize kwanza kama kinafundisha historia ya mikataba, si hesabu tu. Kusini mwa Maniema fani hiyo ina mizizi mirefu. Katika karne ya 19, tajiri Taria Topan wa Zanzibar alimkopesha Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, bidhaa za msafara, na deni likalipwa kwa pembe za ndovu zilizobebwa mabegani kutoka Kasongo, kupitia Kabambare na Ujiji, hadi pwani. Msafara ungeweza kukaa bara miaka, wapagazi wakafa, bei ya pembe ikashuka. Hatari hizo zote zilihesabiwa ndani ya mkopo. Haikuhesabiwa hasara ya vijiji vilivyoporwa wala ya watu waliotekwa.

Kuna watakaopinga wakisema kwamba ule ulikuwa mkopo wa kuaminiana, hauna uhusiano na kanuni ya Black na Scholes ya 1973 ya kukokotoa bei ya mikataba ya chaguo (options). Kweli, hesabu imebadilika sana. Lakini mwaka 2015 kampuni ya Banro, iliyomiliki mgodi wa Namoya hapo Salamabila, ilipewa dola milioni 50 kwa ahadi ya kutoa sehemu ya dhahabu iliyokuwa bado ardhini. Desemba 2017 ikaomba kinga dhidi ya wadai wake katika mahakama ya Ontario, Kanada. Hapo husikilizwa wenye hati. Mchimbaji mdogo wa Salamabila hana hati. Kati ya chuo kinachokokotoa hatari ya mwekezaji peke yake na kile kinachofundisha kuusoma mkataba kama huo kifungu kwa kifungu, ningechagua cha pili, hata kikiwa na jina dogo.