Temeke ilipobeba Kombe la Taifa

Mwanzoni mwa 2015 kombe la soka la wanawake lilikwenda Temeke, na halikubebwa na klabu. Kombe la Taifa la Wanawake, lililodhaminiwa na Proin Promotions, lilishindaniwa na mikoa, na kwa hesabu za kisoka Dar es Salaam ilikuwa mikoa mitatu: Ilala, Kinondoni na Temeke. Fainali, Temeke ikaifunga Pwani.

Jiji moja kuingiza timu tatu? Ukitazama juujuu ni upendeleo. Lakini wachezaji walikuwa Dar es Salaam. Ligi kuu ya wanawake haikuwepo bado. Timu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars, ilishacheza Fainali za Afrika mwaka 2010 kule Afrika Kusini, lakini nyumbani soka la wanawake liliendelea kubebwa na timu za mtaani kama Mburahati Queens, alikochezea Mwanahamisi Omary, yule wanayemwita Gaucho. Kombe la Taifa likawavua jezi za klabu na kuwavisha za mkoa: mabinti waliokuwa mahasimu kwenye ligi ya mkoa wakajikuta safu moja ya ushambuliaji, na kocha hana muda wa kuwazoesha. Mtoano hauna huruma. Ukifungwa, unafunga virago.

Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/17, na bingwa wa kwanza akatoka Pwani ileile: Mlandizi Queens.

Baada ya hapo JKT Queens na Simba Queens zikapokezana ubingwa. JKT ina uwanja wake Mbweni, Simba ina kambi ya mazoezi Bunju. Kote ni Kinondoni. Mburahati yenyewe, ramani ilipochorwa upya, ikaangukia wilaya mpya ya Ubungo. Temeke ilibaki na uwanja wa Chamazi, na si haba: hapo ndipo Simba Queens ilipotwaa ubingwa wa CECAFA mwaka 2022 na kukata tiketi ya Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake kule Morocco, ilikomaliza ya nne.

Desemba 2023 mtoano ulirudi Chamazi kwa jina la Ngao ya Jamii, Simba Queens ikiishinda JKT Queens kwa penalti. Zilialikwa timu nne tu, zote za Ligi Kuu. Kombe la Shirikisho la wanaume huzipa timu za madaraja ya chini nafasi ya kukutana na vigogo; kwenye Ngao hii, timu ya mtaani ya Mbagala, hapohapo Temeke, haikuwa na mlango wa kuingilia.