Panga Lililopita Ukaguzi

Abiria wa ndege ndogo huambiwa, na ni kweli, kwamba ndege ya injini mbili inaweza kuruka na kutua kwa injini moja. Hapo wengi wetu hushusha pumzi. Lakini ipo siku kanuni hiyo haikufaa kitu, nayo ni Agosti 21, 1995, huko Georgia, Marekani.

Ndege aina ya Embraer Brasilia ya shirika la Atlantic Southeast iliondoka Atlanta mchana kwenda Gulfport, Mississippi, ikiwa na watu 29. Ilipofika kimo cha futi 18,000 hivi, panga moja kati ya manne ya rafadha ya kushoto lilikatika. Mapanga hayo hulinganishwa kwa uzito. Likikosekana moja, yaliyobaki huitikisa injini kwa nguvu ya kutisha. Injini iling'oka katika vishikizo vyake, ikaning'inia kwenye bawa. Yaani haikuzimika tu, bali iliharibu upepo unaolibeba bawa lenyewe. Injini ya kulia ilikuwa nzima, lakini haikuweza kuivuta ndege pamoja na mzigo huo.

Marubani walipambana nayo kwa dakika tisa, wakaangukia shambani karibu na Carrollton. Wengi walikuwa hai baada ya kishindo. Kisha ukazuka moto. Waliokufa walifikia tisa, rubani mkuu akiwa mmojawapo.

Kwa maoni yangu, ajali hii ilianzia karakana. Machi 1994 mapanga mawili ya namna hiyo yalikatika, moja Kanada na jingine Brazil; ndege zote mbili zikatua salama. Ikaamriwa mapanga yapimwe kwa mawimbi ya sauti. Panga hili lilionyesha dalili, likafunguliwa na kupelekwa karakana ya mtengenezaji, Hamilton Standard, huko Rock Hill, South Carolina.

Ndani ya panga kuna tundu linalotiwa risasi ya kusawazisha uzito, kisha hushindiliwa kizibo cha gome la mti. Kizibo kilikuwa na klorini, na klorini iliitoboa aluminiamu vishimo vidogo vidogo. Fundi alimulika ndani, hakuona kutu. Akapiga msasa, kama utaratibu wa kiwanda ulivyomruhusu. Panga likapita, na ufa ukabaki humo.

Wapo wanaosema fundi ndiye mkosaji. Mimi sikubali. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani, katika ripoti yake ya 1996, iliinyoshea kidole kampuni: mbinu zake za ukaguzi, mafunzo, maandishi na mawasiliano. Utaratibu ule wa msasa ulitungwa kwa ajili ya mapanga ya namna nyingine, ukapanuliwa hadi kuyafikia haya. Fundi aliyepewa karatasi inayochukulia dalili ile kuwa kasoro ya juu juu, angetafuta ufa kwa sababu gani?

Bodi haikuisahau serikali pia. Mamlaka ya usafiri wa anga na kampuni hawakulazimisha kipimo cha mawimbi ya sauti kirudiwe mapanga yakiwa kazini. Kilifanywa mara moja, basi. Panga likazunguka karibu mwaka mzima, ufa ukikua safari kwa safari. Amri ya kupima tena ilitolewa baada ya Carrollton.