Umefunga propela mwenyewe, sasa lori linalia? Anzia hapa

Lori likiharibika na mzigo wa mpunga kati ya Mlimba na Ifakara, fundi yuko mbali, hivyo dereva na utingo hubadili krosi ya propela wenyewe. Kelele ikianza baada ya hapo, usikimbilie kulaumu difu. Rudi kwanza ulipofungua.

Kabla ya kuingia chini, weka vigogo kwenye tairi. Kwenye Canter na Fuso nyingi hendibreki hushika propela, siyo magurudumu. Ukiitoa propela, lori halina kinachoshika. Hata ukipiga jeki tairi moja la nyuma linaweza kuondoka.

Sasa sikiliza linalia lini. "Ko!" unapoachia klachi: nati zimelegea au krosi ina mchezo. Mlio mwembamba, kama wa panya, unaoongezeka na mwendo: krosi imekauka, piga grisi.

Lori likitetemeka ukifika mwendo fulani, na zamani lilikuwa shwari, huenda propela imerudishwa vibaya kwenye meno yake. Masikio yanayobeba krosi, ya mbele na ya nyuma, lazima yakae mstari mmoja. Ukikosea hata jino moja, linatetemeka, na beringi ya katikati inakufa mapema. Ndiyo maana fundi huweka alama ya rangi kabla ya kufungua (chaki inafutwa na grisi).

Mvumo unaobadilika ukikanyaga na kuachia mafuta, hiyo ndiyo difu. Angalia oili yake: ikiwa kama chai ya maziwa, maji ya madimbwi yameingia. Badilisha oili na sili kabla ya kupakia tena.